Kugawanya laini ya maji moto nyumbani kwa zoni: mwongozo kamili kwa nyumba zetu za Mombasa

Dadangu alipojifungua alikuja kukaa arubaini yake kwa mamangu hapa Kisauni, na kama umewahi kuishi nyumba yenye mzazi unajua maji moto yanavoenda. Asubuhi kukandwa, mchana mtoto aogeshwe, jioni tena, na juu ya hayo mamangu mwenyewe na magoti yake hawezi kabisa maji baridi ya alfajiri msimu wa kusi. Sola hita iko juu ya slabu, lita 200, jua tunalo, kwahivo maji moto hayakuwa shida. Shida ilikuwa kuyangoja. Unafungua mfereji wa jikoni unasimama, unamwaga, unamwaga, ndo joto linafika. Na yanayomwagwa ni maji matamu jamani, si ya kisima, ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki na siku nyengine tunanunua kwa mitungi kutoka kwa watu wa mkokoteni.

Nikafuata paipu za nyumba ile moja moja mpaka nikaelewa: laini ni moja tu. Inatoka kwenye hita, inapita bafu la juu kwa kakangu, inashuka bafu la mamangu, inazunguka ndo imalizikie jikoni. Yaani kuosha sufuria moja ya mchuzi lazima ujaze joto paipu ya nyumba nzima, pamoja na vyumba ambavo saa hiyo havina mtu.

Kule Uingereza na Marekani kwenye baridi kali wana mfumo wa boila, maji moto yanazunguka kwenye redieta kupasha vyumba, na wamezoea kugawanya nyumba kwa zoni, kila zoni na valvu yake na themostati yake (kidude kinachohisi joto na kuamua lini ipashe) ili chumba kisicho na mtu kisile mafuta bure. Sisi huku joto tunalikimbia, hakuna wa kupasha chumba. Lakini wazo lile lile linafaa kwa maji ya kuoga na ya jikoni, na kwa Mombasa naona faida yake ya kwanza ni maji, stima inafuata nyuma. Hii ndo njia niliyopita, na makosa niliyoyakuta nayasema ili usiyarudie.

Anza na ndoo, fundi baadaye

Kabla hujaita mtu, chukua ndoo yenye alama za lita na simu yako ya kupima muda. Alfajiri kabla mtu hajagusa maji, fungua mfereji wa maji moto hadi mwisho, kinga kwa ndoo, ngoja mpaka yatoke moto kweli kweli, funga. Andika lita na sekunde. Ukienda mfereji wa pili usipime hapo hapo, paipu bado ina joto itakudanganya, ngoja masaa mawili au fanya kesho yake. Mimi ilinichukua siku tatu kumaliza nyumba na sijuti, manake karatasi ile ndo iliyoamua kila kitu baadaye.

Jikoni kwetu ndoo ilisoma karibu lita 5. Na hesabu inakubali: paipu ya PPR (ile ya plastiki ngumu inayoungwa kwa kuchomwa) ya milimita 25, ile nene ya maji moto, tundu lake la ndani ni kama milimita 16.6, kwahivo mita moja inabeba maji kama lita 0.216. Kutoka hita mpaka jikoni kwa njia ile ya kuzunguka ni mita 22. Piga, utapata lita 4.75. Ukifungua mara sita kwa siku na katikati paipu imepoa, umemwaga lita 28, karibu mtungi mmoja na nusu, na hiyo ni jikoni peke yake. Alafu kuna hasara nyengine haionekani, ukishafunga mfereji zile lita karibu 5 za moto zilizobaki kwenye paipu zinapoa ukutani bila kumfaa mtu.

Paipu ya milimita 20 ya aina hiyo hiyo inabeba kama lita 0.137 kwa mita. Shika hiyo namba, tutairudia.

Gawanya kwa watu, usigawanye kwa vyumba

Hapa ndo mafundi wengi wanaenda mbio. Fundi wa kwanza niliyemuita aliangalia nyumba akasema juu zoni moja, chini zoni moja, kazi imeisha. Lakini hiyo haisaidii kitu, manake chini kuna mamangu anayetumia maji moto mchana kutwa na kuna chumba cha wageni cha uani kinafunguliwa harusini na Ramadhani tu. Ukiwaweka laini moja utarudi pale pale.

Andika nani anatumia maji moto, saa ngapi, mara ngapi. Kwetu yalitoka makundi matatu: bafu la mamangu (na mzazi) ambalo halilali, jikoni inayotaka kidogo kidogo lakini mara nyingi, na kundi la tatu ni kakangu juu anayeoga asubuhi na usiku, pamoja na kile chumba cha wageni kinachokaa kimefungwa miezi. Kundi la tatu nikalikata mara mbili, juu na wageni, ili wageni wafungwe kabisa. Zoni nne. Nyumba ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo, kila zoni ni maungio zaidi, na kila ungio ni pahali pa kuvuja.

Kama jikoni iko mbali mno, mita 25 na zaidi, fikiria kuitoa kabisa kwenye laini na kuiwekea kahita kadogo ka stima chini ya sinki. Ka lita 15 chenye wati 1500 kinapandisha maji nyuzi 30 kwa dakika kama 21, na maji yako hapo hapo. Sisi hatukufanya kwa sababu njia fupi ilipatikana.

Jua ni maji gani yanaingia wapi

Hii sehemu isome mara mbili kama unaishi Mombasa, manake mwongozo wa kutoka bara hauna habari nayo. Nyumba nyingi kwetu zina matangi mawili, la maji matamu na la kisima, na kisima cha mwambao kinachimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwahivo maji yake yana chumvi na yana chokaa. Chumvi inatoboa tanki la stenlesi la hita polepole, chokaa inaganda kwenye elementi (chuma cha stima kinachopasha maji) mpaka inakuwa kama imevalishwa ganda la yai. Hita ile ya kawaida, ambayo maji unayooga ndo yale yale yaliyo ndani ya tanki, ipe maji matamu tu. Kama huna budi kutumia ya kisima, nunua ile ambayo maji yanayopashwa na jua yako kwenye mzunguko wake mwenyewe, mbali na unayooga, uulize kabisa kama tanki lake linahimili chumvi, na ile fimbo ya anodi ndani (inayoliwa yenyewe badala ya tanki) uikague kila mwaka, ikiisha ubadilishe kabla tanki halijaanza kuliwa.

Sasa kuna mtego. Watu wanaweka maji moto matamu na maji baridi ya kisima kwenye miksa moja ya shawa, ili kubana matumizi. Inaonekana akili. Lakini miksa ikiwa wazi pande zote mbili na shawa imezibwa mbele kidogo (zile shawa zenye swichi mkononi ndo hatari zaidi), upande wenye presha kubwa unasukuma kwenda upande mdogo. Tangi la kisima likiwa juu kuliko la maji matamu, maji ya chumvi yanaingia laini ya moto na kurudi mpaka kwenye hita, na wewe huoni. Kwetu tulijua kwa sabuni, dadangu akilalamika sabuni haitoi povu kwenye maji ambayo tunaamini ni matamu. Nilipofunga valvu ya hita na kufungua mfereji wa moto wa jikoni, maji yakaendelea kutoka, ya chumvi. Fanya jaribio hilo hilo kwako leo: funga maji yanayoingia hita, acha miksa zote kama zilivo, fungua mfereji mmoja wa moto. Yakikatika baada ya muda mfupi uko sawa. Yakiendelea, una miksa inayopitisha.

Dawa ni nonretani valvu (inayopitisha maji upande mmoja tu, hayarudi) kwenye pande mbili za kila miksa, moto na baridi. Nyumba ya tangi la juu bila pampu, chagua zile za kibati kinachofunguka kama mlango, zile za springi zinakula presha na presha yenyewe ya tangi huna ya kugawa: kila mita moja ya urefu ni kama bar 0.1 tu.

Kituo cha valvu na saizi za paipu

Badala ya laini moja inayotembelea kila mtu, unatoa paipu moja nene fupi kutoka hita mpaka kituo kimoja, na hapo kila zoni inaondoka na paipu yake na valvu yake. Kituo kiweke karibu na hita kadri uwezavo, lakini pahali mtu anafika bila kuegemeza ngazi. Kwetu ni kwenye ukuta wa ngazi za kupandia slabu, ndani ya kasanduku kenye mlango. Tulikitengeneza kwa tii (maungio ya njia tatu) za milimita 32 zikifuatana, kila tii inatoa tawi, na kila tawi lina bol valvu (ya kufunga kwa kuzungusha mpini robo mzunguko) na yunioni (ungio la kufungua kwa spana). Bol valvu iwe ile ambayo tundu lake ni sawa na la paipu, nyengine zinabana katikati. Yunioni usiisahau, siku valvu ikifa utaitoa bila kukata paipu.

Saizi sasa, na hapa akili ya kawaida inakosea. Mtu anadhani bafu la karibu na tangi lipewe paipu nyembamba na la mbali paipu nene. Kwa nyumba ya tangi la juu ni kinyume. Bafu la juu kwa kakangu shawa iko mita moja na nusu tu chini ya maji ya tangi, ni bar 0.15, kwahivo linataka paipu nene ya 25 hata kama ni fupi, ndo maji yatoke ya kueleweka. Jikoni chini kuna mita kama sita za kuteremka, bar 0.6, paipu ya 20 inatosha bila wasiwasi na inabeba maji machache ya kumwaga. Tukapata njia mpya ya jikoni ya mita 14 kupitia kona ya ngazi: 14 mara 0.137 ni lita 1.9. Kutoka 4.75 mpaka 1.9. Bafu la mamangu mita 12, lita 1.6.

Kama una pampu ya presha hesabu inabadilika, paipu ya 20 kila pahali yatosha kwa bafu moja moja.

Kununua sina mengi. PPR nunua ile iliyoandikwa PN20 (ndo daraja la presha inayohimili) au zaidi, usikubali ya maji baridi kwa sababu ni rahisi, na paipu na soketi ziwe za kampuni moja. Sponji nyeusi ya kuvalisha paipu nunua ya urefu wote, na pahali jua linapiga ifunike au uipake rangi, jua letu linaitafuna na PPR yenyewe jua linaipasua vile vile.

Kazi yenyewe

Panga kazi siku ambayo tangi limejaa na mtu hana haraka ya maji. Funga maji ya hita, zima stima yake kwenye breka, ngoja ipoe. Sola ya mirija ya kioo inafika nyuzi 80 na zaidi mchana wa kaskazi, kwahivo anza asubuhi mapema na mirija uifunike kwa turubai. Mita moja ya kwanza inayotoka kwenye tanki iwe shaba, PPR haipendi joto lile siku nzima, nyuzi 70 ndo mwisho wake wa kukaa muda mrefu.

Mashine ya kuchoma paipu iwe nyuzi 260. Paipu ya 20 inakaa kwenye mashine sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8, alafu unaisukuma ndani moja kwa moja bila kuizungusha na unaishikilia. Fundi akizungusha mkono kama anafunga chupa mwambie aache, inaharibu ungio, na akizidisha muda plastiki inajaa ndani ya tundu na presha yako inakwama hapo. Mwambie akuoneshe ungio moja alilokata katikati kabla hajaanza, fundi mzuri hakasiriki.

Paipu za maji moto zinarefuka. PPR ya kawaida inarefuka kama milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwahivo mita 10 ikipanda nyuzi 35 ni sentimita 5 na zaidi. Ukiibana kwa nguvu ncha zote mbili itajipinda au ungio litapasuka. Acha kona ziwe na nafasi, klipu ziwe zinazoachia paipu iteleze. Na laini isipande na kushuka kama nyoka, pale inapopanda hewa inakaa na maji yanakataa kupita, hasa kwa presha ndogo ya tangi. Iteremke polepole kutoka kituoni mpaka mfereji. Pakilazimu ipande, weka valvu ya kutolea hewa pale juu.

Usalama, usiruke hapa

Usiweke valvu yoyote ya kufunga kati ya hita na paipu yake ya kupumulia (ile iliyo wazi juu), wala kati ya hita na sefti valvu (inayojifungua presha ikizidi). Yoyote. Maji yakipashwa yanapanuka, lita 200 zikitoka nyuzi 25 mpaka 65 zinaongezeka kama lita 3 na ushee, lazima zipate pa kwenda. Ukifunga zoni zote nne na njia ya kupumulia nayo imezibwa, umetengeneza bomu juu ya slabu. Paipu ya kupumulia ipande juu kuliko kiwango cha maji ya tangi baridi, la sivo itamwaga kila siku.

La pili, ukishagawanya, hita itakuwa moto zaidi ya zamani kwa sababu haimwagi ovyo. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na ya mtoto mchanga au mtu mzima wa miaka sabini ni haraka zaidi. Zoni ya mamangu tuliiwekea valvu ya kuchanganya yenye themostati, tukaifunga nyuzi 42. Uliza inayokubali presha ndogo, zengine zinataka pampu. Na mtoto mchanga maji yake yachanganywe kwenye karai na kupimwa kwa kiwiko, valvu isikufanye uache kupima.

Elementi ya stima ya kusaidia siku za mawingu, kwetu ni kilowati 3, inavuta kama ampea 12.5, kwahivo waya wa milimita 2.5 mraba na breka ya 16 au 20, athi ya kweli, na ile breka ya kukata stima ikivuja, ya miliampea 30. Hii kazi apewe fundi wa stima mwenye laiseni, fundi wa maji asiiguse.

Kujaribu kabla ya plasta

Baada ya ungio la mwisho ngoja saa moja nzima. Jaza maji polepole, fungua zoni moja moja hewa itoke, alafu funga mifereji yote uache usiku kucha. Asubuhi pitisha mkono na tishu kavu kwenye kila ungio. Nasema usiku kucha na siku ya pili maji yakiwa moto, kwa sababu kwetu ungio moja lilishika vizuri kwa maji baridi na likaanza kulia lilipopata joto. Plasta ingekuwa tayari tungevunja ukuta.

Zoni iliyofungwa isisahauliwe

Hili ndo linanifanya niandike kwa urefu hivi. Kuna bakteria inaitwa Legionella, ilijulikana baada ya watu kuugua kwenye mkutano kule Philadelphia mwaka 1976, inakaa kwenye maji yaliyosimama na kustawi kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, na inamuingia mtu kwa kuvuta ule ukungu wa shawa. Paipu ya Mombasa iliyosimama hata kama ni ya maji baridi iko nyuzi 27 au 28. Chumba cha wageni kilichofungwa miezi miwili ndo pahali pake, na anayepata shida kubwa ni mzee au mgonjwa wa kifua.

Kwahivo tanki lipashwe mpaka 60, usilishushe 45 eti kuokoa stima. Zoni ya wageni ifunguliwe kila wiki, maji yaende moto kabisa dakika tatu au nne, ukingie kwa ndoo uoshee uani. Na wageni wakija baada ya muda mrefu, fungua shawa kichwa chake, kiache kwenye siki kitoke chokaa, mwaga laini taratibu bila kurusha ukungu, dirisha wazi, ndo uwakaribishe. Kama chumba hakitatumika tena, kata tawi kabisa pale kwenye tii, usiache mkia wa paipu wenye maji ndani.

Valvu za zoni za kuendeshwa kwa saa au simu zipo, na zoni ya juu inafaa kuwekewa. Chukua ya mota inayozungusha bol, zile za sumaku nyingi zinataka presha ambayo tangi halina. Lakini kaa na valvu za mkono miezi michache kwanza, utajua ni zoni ipi kweli inahitaji, sisi tumegundua hakuna.

Nilirudia ndoo wiki ya mwisho ya arubaini. Jikoni lita 2 na kidogo, bafu la mamangu lita 1 na nusu. Kila valvu kwenye kisanduku imepakwa rangi yake na jina limeandikwa ukutani kwa maka, na ndani ya mlango nimegundisha karatasi ya tarehe za kumwaga zoni ya wageni, kila Ijumaa asubuhi, zamu ya kakangu, na wiki aliyosahau mamangu alimpigia simu kazini.